Fimbo wiki sita: kocha anakuibia ama anakufunza?

Boss, umeuliza kama kocha wako anakula pesa yako bure, wiki ya 6 sasa unainua fimbo ya PVC, ile paipu ya plastiki, na wenzako wako kwa vyuma. Mimi nafunza watu kunyanyua vyuma huku Eastlands, Nairobi, wacha nikuambie nilikotoka.

Nilianzia Dandora kwa ploti, mikebe miwili ya rangi ya lita 4 imejazwa simiti, katikati paipu ya maji. Mkebe wa kulia ulikuwa mzito kuliko wa kushoto, nani alipima simiti, na nikanyanyua hiyo kitu karibu miaka 2 nikijiona simba. Hadi leo nikivaa shati bega moja liko chini.

Kocha wa ukweli nilimpata baadaye, mzee mmoja mpole. Aliniangalia mara moja tu akaniletea mpini wa ufagio. Manze nilikasirika. Akachora viatu vyangu na choki sakafuni, akaniambia niuvute mpaka juu ya kichwa, kushuka nikapata vidole vimepita choki karibu inchi 3. "Umeona? Chuma kimekuacha, sasa unakifuata." Na huo ni mpini jameni, sembuse kilo 80.

Sasa mimi pia nafunza hivyo hivyo, kutoka juu kushuka: kwanza unaanza kuvuta baa, yaani chuma kile kirefu, ikiwa kwa nyonga, halafu juu ya goti, sakafuni ndio mwisho. Choki bado natumia hata kama simu inarekodi. Kila seti unanyanyua mara 2 ama 3 tu, kwa sababu ukichoka unaanza kuzoea makosa. Na kabla nikupangie skwati, kuchuchumaa na chuma mabegani, nitauliza unafanya kazi gani, kijana ametoka mjengo kubeba mawe tangu asubuhi huwezi mpea programu moja na mtu wa ofisi, hapo ndio makocha wengi huumiza watu.

Lakini wiki 6 fimbo tupu kwangu ni nyingi. Mimi baada ya wiki 2 ama 3 nakuweka kwa baa bila sahani, zile vyuma za duara za kuongeza uzito, hiyo peke yake ni kilo 20, ya wanawake 15. Muulize anaona kosa gani. Akikuonyesha, kaa. Akikujibu "subiri tu", hama.

Na hizo raba za kukimbia wacha nyumbani, soli laini inakuyumbisha.