Kabla hujamimina hiyo chupa kwenye tangi, muulize kwanza fundi nozo

Kuna jamaa wa Kahama ana Canter ya kubebea mpunga, kanitumia meseji na picha ya chupa moja nyekundu imeandikwa inaongeza nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta. Anauliza akiweka hiyo, halafu achanganye dizeli na mafuta ya alizeti ya bei ya chini anayopata kwa shemeji yake mwenye mashine ya kukamua, si atasevu hela nyingi? Meseji za hivi nazipata sana, na najua mnaonifuata humu wengi mna gari moja mbili na hesabu ya kuongeza ya tatu, kwa hiyo nimejibu hapa mara moja tusirudiane.

Jibu fupi: niambie kwanza injini gani. Canter yenye 4D33 ya pampu ya zamani na gari ya common rail (mfumo wa kisasa unaopuliza dizeli kwa presha kubwa sana) ni vitu viwili tofauti kabisa, na watu wameua injini za mamilioni kwa kufuata ushauri uliokuwa sahihi ila kwa injini ya mtu mwingine.

Mimi nilianzia kwenye vinu. Kabla sijawa fundi pampu hapa Morogoro nilikuwa natengeneza mashine za kusaga huko Gairo, na mzee mmoja alikuwa na injini ya dizeli ya Lister ile inayozunguka taratibu, mizunguko 650 kwa dakika, pembeni ana mashine ya kukamua alizeti. Msimu wa mvua barabara ikikatika dizeli haifiki na kinamama wamepanga foleni na mahindi yao. Nikamwambia mzee tuijaribu na alizeti. Wakacheka sana, fundi mmoja mkubwa wa pale akasema huyu kijana anataka kukaanga injini. Sasa alizeti mbichi ni nzito kama mara kumi ya dizeli, nozo (kile kinachopuliza mafuta ndani ya injini) haiwezi kuipasua iwe ukungu, inatoka matone, hayaungui yakaisha, yanaganda kwenye ncha ya nozo na kwenye ringi za pistoni yanakuwa kama gundi nyeusi. Dawa yake ni joto. Nikazungusha bomba la chuma kwenye ekzosi (usiweke shaba, shaba inaharibu mafuta haraka) ili alizeti ifike kwenye pampu imeshakuwa nyepesi, tukaweka matangi mawili, unawasha kwa dizeli, ikipata moto unahamia alizeti, na kabla ya kuzima unarudi dizeli ili isilale na mafuta mazito ndani. Ilisaga. Msimu mzima ilisaga, na yule fundi mkubwa alikuja mwenyewe kuchungulia akajifanya anasalimia.

Na wala sikuvumbua kitu, kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900 injini ya dizeli ilishazungushwa kwa mafuta ya karanga.

Ila ile ni Lister. Nozo yake inafunguka kwa presha ndogo, matundu makubwa, haina haraka. Common rail kama ya injini ya 1KD ya Hilux inasukuma mafuta kwa presha inayofika kama bar 1,600, kwenye vitundu vyembamba sana, ukipeleka alizeti mbichi humo usinipigie simu.

Ukitaka kuitumia kwenye injini ya kisasa, alizeti lazima igeuzwe kuwa baiodizeli, yaani inachanganywa na methanoli (aina ya spiriti) na kostiki soda, gliserini inakaa chini unaiondoa, inayobaki unaiosha na kuikausha. Msiende kujaribu jikoni, methanoli inawaka moto usiouona vizuri mchana na inapofusha macho. Baiodizeli iliyotengenezwa vizuri ina oksijeni ndani yake kama asilimia 11 kwa uzito, ndiyo maana inaungua safi zaidi. EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, mwaka 2002 walikusanya majaribio mengi ya injini za malori, wakaona mchanganyiko wa asilimia 20 unapunguza masizi kwa kama asilimia 10, kaboni monoksidi 11, na mabaki ya mafuta yasiyoungua 21, ila gesi za NOx (oksidi za naitrojeni, nazo zinachafua hewa) zikapanda kama asilimia 2. Kwa hiyo anayekwambia haina moshi mbaya kabisa anakudanganya, na anayekwambia inaongeza nguvu anakudanganya pia maana lita moja ya baiodizeli tupu ina nishati pungufu kama asilimia 8 kuliko dizeli. Kwenye mlima utaisikia. Halafu inaosha tangi, uchafu wote wa miaka mingi unashuka kwenye filta wiki za mwanzo, filta inaziba, mtu anasema baiodizeli imeua gari kumbe tangi lake lilikuwa jalala. Na ya mawese usipande nayo Makambako mwezi wa saba usiku, baridi ile inaigandisha asubuhi unakuta uji.

Sasa niseme la moyoni kidogo. Niliwahi kuajiriwa kwenye kampuni moja ya malori, jina sitaji. Malori mapya, common rail, mazuri. Nikaanza kuona nozo zinakufa na pampu zinatoa vumbi la chuma, nikafungua filta nikanusa, mafuta ya taa. Mnakumbuka enzi za kuchakachua, mafuta ya taa yalikuwa bei chee watu wakayachanganya na dizeli, ikabidi EWURA, wasimamizi wa mafuta nchini, waanze kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta yaliyochanganywa) mwaka 2010 na bajeti ya 2011/12 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa karibu ifanane na dizeli. Watu wanadhani mafuta ya taa yanapunguza nguvu tu. Shida kubwa ni ulainishaji, pampu inalainishwa na mafuta yenyewe yanayopita ndani yake, na mafuta ya taa ni makavu, chuma kinasaga chuma. Nikaandika ripoti, nikasema acheni kununua madumu ya njiani. Bosi akaniambia mbele ya madereva "wewe fundi wa vinu utajua nini", akaleta katoni za chupa za kuongeza nguvu zimwagwe kwenye kila tangi, gari zikaendelea kufa na mimi nikaondolewa kwa kosa la uzembe. Mwezi uliopita lori la kampuni hiyo hiyo limeletwa kwenye karakana yangu, nozo zote. Nimetengeneza vizuri na risiti nimetoa. Bei yangu hawakupunguziwa hata mia.

Nazirudia hizo chupa sasa. Zipo za kweli. Ya kusafisha inaondoa utando kwenye nozo, sawa, lakini nozo iliyolika hailiki kinyumenyume. Ya kuongeza siteni (wepesi wa dizeli kujiwasha) inafanya dizeli iwake mapema kidogo, injini inapunguza kelele na inawaka vizuri asubuhi. Ya ulainishaji ina kazi, maana tangu 2015 dizeli yetu Afrika Mashariki inatakiwa salfa isizidi ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni), na kuitoa salfa kunaondoa na ulaini, kiwandani wanarudisha kwa dawa. Baiodizeli asilimia 1 au 2 tu inafanya kazi hiyo hiyo. Yaani dawa inaziba upungufu wa mafuta, upungufu usipokuwepo umemwaga hela. Na mafuta machafu hayasafishwi na chupa, narudia, hayasafishwi na chupa.

Na msione kila dawa inayofanya kazi ni nzuri, madini ya risasi kwenye petroli yalifanya kazi. Midgley wa General Motors aliigundua 1921, injini ikaacha kugonga, dunia nzima ikashangilia, kumbe inaingia kwenye damu za watoto. Afrika kusini mwa Sahara tumeachana nayo kufikia 2006, Algeria wamemaliza 2021. Leo mtu anang'oa masega ya gari (kile cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi) akauze, anasema gari imekuwa nyepesi, halafu anaegesha inaunguruma nje ya shule asubuhi. Ndugu zangu tuwe na utu, ule moshi wanavuta watoto wetu wenyewe.

Wa bodaboda, yenu fupi: ukikaa na petroli yenye ethanoli (spiriti) wakati wa mvua nyingi na mfuniko wa tangi haubani, inavuta maji, maji yanashuka chini na ethanoli yake, pikipiki haiwaki. Jaza sheli moja unayoiamini na ubane mfuniko.

Wa dizeli toa maji kwenye filta, badilisha filta kwa wakati, toa maji tena. Na mkiniletea nozo njooni na ile filta ya zamani, msiitupe, naikata naangalia ndani kabla sijataja bei yoyote.