Jik sakafuni na mbwa anayetoa mate

Ndugu uliyeuliza kama Jik (dawa ya klorini) ya kupigia deki ndiyo inayomtoa mbwa wako mate: inawezekana, hasa kama unamimina bila kupima. Sakafu haimdhuru kwa kuitazama. Anaikanyaga mbichi, kisha analamba nyayo. Mililita 30 (vijiko 2 vya chakula) kwa lita 1 ya maji zinatosha. Mfungie nje, acha dakika 10, suuza kwa maji matupu, ikauke ndipo aingie. Palipo na mkojo, osha kwanza kwa sabuni na usuuze vizuri: amonia ya mkojo ikikutana na Jik hutoa gesi inayochoma mapafu, na pua yake iko chini kuliko yako.

Akishakunywa Jik, msafishe mdomo kwa maji, usimtapishe. Kinachounguza kikishuka huunguza tena kikipanda.

Ila mimi ningeogopa zaidi sumu ya panya ya wachuuzi wa Kampala, ile isiyo na lebo. Daktari atatibu nini asichokijua? Ile inayozuia damu kuganda huonyesha dalili baada ya siku 3 hadi 5, na dawa yake ni vitamini K1. Usingoje fizi zipauke. Akitetemeka na kutoa mate mengi, huenda ni ya kushambulia neva: mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, na pakiti mkononi.

Dawa ya kupe ya ng'ombe nayo usimpake kwa kukisia.