Jibu: Nani ashike amri dharura ikitokea shule kuu?

Ndugu, umeuliza kama dharura ikitokea amri itoke kwa Amidi, yaani mkuu wa shule kuu ndani ya chuo kikuu, au kwa mkuu wa ulinzi. Kwa maoni yangu, ishikwe na mtu mmoja aliyepo eneo la tukio, ateuliwe kwa maandishi na awe na makaimu wawili. Mara nyingi mkuu wa ulinzi ndiye anayefaa. Amidi abaki na uamuzi wa kusimamisha masomo na kuzungumza na wazazi. Zimamoto au polisi wakifika, amri inahamia kwao. Mpeni kazi mtu wa kuwakabidhi ramani na funguo, na kuwaeleza nani bado wako ndani.

Ninachokusihi sana ni mazoezi yatangazwe mapema kwa wote, hadi wafanya usafi. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, Novemba 30, 2015, zoezi la kuigiza shambulio liliaminika kuwa la kweli. Watu waliruka kutoka ghorofani, mfanyakazi mmoja akafariki, makumi wakajeruhiwa. Aprili mwaka huohuo watu 148 walikuwa wameuawa Chuo Kikuu cha Garissa, hivyo hofu ilikuwa bado mbichi. Anzeni mezani, viongozi wapitie tukio kwa maneno, ndipo mjaribu kuwatoa watu jengo moja tu.