Obama alikuwa seneta mara mbili? Swali kutoka bunge la kaunti

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Ninamwandikia hotuba mwakilishi wadi mmoja huku Nyanza ambaye 2027 anataka kuwania useneta. Kila mkutano ananitaka niweke kwamba Obama naye "alianza kama MCA", yaani mwakilishi wadi katika bunge la kaunti. Nimejaribu kuhakikisha nikachanganyikiwa zaidi: kwingine nasoma alikuwa seneta tangu 1997, kwingine tangu 2005. Ni useneta uleule? Na je, alijiuzulu kiti cha kwanza ndipo akawania cha pili? Hicho cha kwanza kilimwendea nani?

JIBU: Dada yangu, miaka yote miwili ni sahihi. Kilichokuchanganya ni neno moja kubeba kazi mbili. Washington kuna Seneti ya taifa, maseneta 100, wawili kwa kila jimbo. Lakini kila jimbo nalo lina bunge lake, karibu yote yana mabaraza mawili, na lile la juu huitwa seneti vilevile. (Nebraska ndiyo pekee yenye baraza moja, na wajumbe wake bado wanaitwa maseneta, mradi tu wewe na mimi tusipate usingizi.) Januari 1997 Obama aliapishwa mjini Springfield, makao makuu ya Illinois, akawa mmoja wa maseneta 59 wa jimbo hilo. Tarehe 4 Januari 2005 akaapishwa Washington, mmoja wa wawili wanaoiwakilisha Illinois nzima. Shule za Kogelo zilizopewa jina la "Senator Obama" mwaka 2006 zilimtaja kwa kazi hii ya pili, na ndiyo iliyofanya watu kwenye baa zetu waanze kuagiza bia ya Senator kwa kusema "nipe Obama".

Sasa hilo la MCA. Ukipima kwa ukubwa wa eneo, si mbali sana na ukweli, ingawa eneo la 13 alilowakilisha, kusini mwa Chicago kuanzia mtaa wa Hyde Park, lilikuwa na watu kama laki mbili. Wadi gani ina watu hao? Ukipima kwa mamlaka, mfano unavunjika kabisa. Bunge la kaunti yetu hutunga sheria za kaunti: masoko, ada, zahanati, chekechea. Bunge la jimbo kule hutunga sheria za jinai, ndoa, bima, shule na hukumu ya kifo. Mwaka 2003 Obama alisukuma sheria ya kuwataka polisi wa Illinois warekodi mahojiano yote ya washukiwa wa mauaji, kwa sababu jimbo lilikuwa limegundua watu waliohukumiwa kifo kwa maungamo ya kulazimishwa. Hapa kwetu sheria kama hiyo ingetoka Nairobi peke yake. Kwa hiyo usiandike "alianza kama MCA". Andika "alianza katika bunge la jimbo lake", na mheshimiwa asipoteze kura hata moja kwa hilo.

Swali lako la kujiuzulu ndilo lenye uzito, na ajabu ni kwamba halimo katika hadithi anazosimulia mheshimiwa wako. Jibu fupi: hakujiuzulu, na hakuhitaji. Ukielewa kwa nini, utaelewa pia kwa nini njia yake ni ngumu kuigwa hapa.

Illinois haichagui maseneta wake wa jimbo wote kwa siku moja kwa mihula inayolingana. Kila miaka kumi, baada ya sensa, mipaka huchorwa upya, na ile miaka kumi hugawanywa katika mihula mitatu: miwili ya miaka minne na mmoja wa miaka miwili. Maeneo mengine huanza na ule mfupi, mengine huuweka katikati, mengine mwisho. Eneo la Obama lilimwangukia vizuri. Alichaguliwa 1996 kwa miaka miwili, 1998 kwa minne, na 2002 kwa minne tena. Sasa weka juu yake mara mbili alizojaribu kupanda. Mwaka 2000 aliwania kwenda Baraza la Wawakilishi la Washington. Kiti chake Springfield kilikuwa salama hadi 2002. Mwaka 2004 aliwania Seneti ya taifa. Kiti chake kilikuwa salama hadi 2006. Mara zote mbili, angeshindwa, Jumatatu angerudi kazini.

Na mara ya kwanza alishindwa kweli, tena vibaya. Katika kura ya mchujo ya Machi 2000 alimkabili Bobby Rush, mbunge wa Chicago aliyewahi kuwa mmoja wa viongozi wa Black Panther, chama cha kupigania haki za watu weusi, katika jimbo hilo. Rush alipata asilimia 61, Obama 30. Miezi michache kabla, bunge la jimbo lilikuwa limeitwa kupigia kura mswada wa silaha, na Obama alikuwa Hawaii na familia, mtoto akiwa mgonjwa. Hakurudi, mswada ukakwama, na magazeti ya Chicago yakamchapa. Aliondoka kwenye uchaguzi huo na madeni, lakini aliondoka akiwa bado seneta wa jimbo. Kwa mtu wetu hali ni tofauti: wadi na useneta hupigiwa kura siku moja ya Agosti, na mtu haruhusiwi kuwania viti viwili. Mheshimiwa wako akijaza fomu za useneta, wadi ameshaiaga. Akianguka, ni miaka mitano nje. Kama mimi ndiye ningekuwa karibu naye, hili ndilo jambo ambalo ningelizungumza naye kabla ya hotuba yoyote.

Nirudi nyuma kidogo, maana jinsi alivyokipata kile kiti cha kwanza inafundisha zaidi kuliko hotuba yake ya Boston, ile ya mkutano mkuu wa chama chake mwaka 2004, ambayo wanafunzi wangu hunisomea kwa kichwa kila mwaka. Kiti kilikuwa cha Alice Palmer. Mwaka 1995 Palmer aliamua kuwania nafasi iliyoachwa wazi Washington, naye Obama akajitokeza kurithi kiti. Palmer akashindwa na Jesse Jackson Mdogo, kisha akabadili nia: anataka kiti chake kirudi. Huko mgombea huingia kwenye kura ya mchujo kwa kupeleka saini za wapiga kura waliosajiliwa katika eneo lenyewe, na kwa eneo hilo zilitakiwa 757. Watu wa Obama walikwenda ofisi ya uchaguzi ya Chicago wakapitia saini za wapinzani moja moja: huyu anaishi nje ya mpaka, huyu hayumo kwenye sajili, huyu jina limeandikwa kwa herufi za chapa badala ya saini. Palmer akajiondoa. Wengine watatu wakakatwa. Obama akabaki peke yake kwenye karatasi. Ilikuwa halali kabisa, na haikuwa tamu. Mtu aliyejulikana kwa kuandikisha wapiga kura wa Chicago mwaka 1992 alipata cheo chake cha kwanza bila mpinzani yeyote kwenye mchujo. Hilo najua mheshimiwa hatalisimulia jukwaani, lakini kila mwanasiasa anayesoma karatasi za uteuzi kwa makini atalielewa.

Miaka sita ya kwanza Springfield ilikuwa kavu. Chama chake, Democratic, kilikuwa cha wachache katika seneti hiyo, na miswada ya wachache kule hufia kwenye kamati. Alikuwa akiendesha gari kilomita zaidi ya 300 kutoka Chicago, akifundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago, na jioni akicheza karata za poka na maseneta wenzake, wengine wa mashambani, wengine wa chama cha pili, Republican. Usidharau hizo karata. Jimbo lina kaunti 102, na mtu wa Hyde Park anayetaka kura za jimbo zima hana budi kujua watu wa kusini wanacheka na nini.

Kilichomtoa hapo ni bahati nasibu, nasema kwa maana yake halisi. Katiba ya Illinois ya 1970 inasema vyama vikishindwa kukubaliana kuhusu mipaka mipya, tume yenye idadi sawa ya pande zote mbili huundwa. Nayo ikikwama, majina mawili huwekwa pamoja, moja la kila chama, na Katibu wa Jimbo huchomoa moja. Anayechomolewa huipa tume kura ya ziada. Mwaka 1991 bahati iliwaendea Republican, wakachora ramani na kuitawala seneti ya jimbo miaka kumi. Mwaka 2001 iliwaendea Democratic. Eneo la Obama lilichorwa upya likapanda kaskazini kufuata ufuo wa ziwa hadi katikati ya jiji, walikokaa matajiri wanaochangia kampeni. Uchaguzi wa 2002 ukaipindua seneti, na Januari 2003 Emil Jones akawa rais wake.

Jones mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi Obama alivyomwendea na kumwambia kwamba sasa ana uwezo wa kutengeneza seneta wa Washington. Jones akamuuliza ana nani akilini. Akajibu: mimi. Tangu hapo miswada iliyokuwa imesota miaka mingi mikononi mwa wengine ilianza kupita kwa jina lake: ile ya kurekodi mahojiano, ile ya polisi kuandika rangi ya kila dereva wanayemsimamisha, na mingine ya afya, kwa kuwa alipewa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii. Waliokuwa wameilea miswada hiyo kabla yake hawakufurahi wote. Ukipata nafasi, mwambie mheshimiwa akuonyeshe ni nani Emil Jones wake.

Kuna kufuli moja ambalo watu hulisahau, nalo ni fedha. Fedha alizochangiwa kama seneta wa jimbo hakuruhusiwa kuzihamishia kampeni ya taifa. Sheria ya shirikisho inakataza. Wakati huo Illinois haikuwa na kikomo cha mchango kwa viti vya jimbo, ila kwa kiti cha Washington mtu mmoja alikuwa na kikomo cha dola 2,000 kwa kila uchaguzi. Hapo mpinzani wake tajiri, Blair Hull, akamsaidia bila kukusudia. Hull alimwaga takriban dola milioni 29 zake mwenyewe, na sheria ya wakati ule ilisema mgombea akijifadhili kupita kiasi, wapinzani wake wanapandishiwa kikomo. Kwa Obama kilipanda hadi dola 12,000. Ndiyo maana wale wa ufuo wa ziwa walikuwa na thamani kubwa. Kifungu hicho Mahakama ya Juu ilikifuta 2008.

Yaliyobaki mengi unayajua. Kiti kilikuwa cha Peter Fitzgerald, Republican, aliyekataa kugombea tena. Naye pia alikuwa ametokea seneti ya Illinois, kama ambavyo Carol Moseley Braun, aliyemtangulia, alivyotokea baraza la wawakilishi la jimbo hilohilo. Faili la talaka likamwangusha Hull kabla ya mchujo, na Machi 2004 Obama akapata asilimia 53 kati ya wagombea saba. Faili jingine la talaka likamwondoa mgombea wa Republican, Jack Ryan, mwezi Juni. Chama chake kikamleta Alan Keyes kutoka Maryland, ambaye aliruhusiwa kwa sababu katiba ya Marekani inataka tu seneta awe na miaka 30, uraia wa miaka tisa, na awe mkazi wa jimbo siku anapochaguliwa. Novemba 2 ikawa 70 kwa 27.

Siku mbili baadaye, Novemba 4, 2004, ndipo alipojiuzulu kule Springfield. Hapo kuna tofauti nyingine ya kiufundi: kiti cha jimbo kikiwa wazi Illinois hakuna uchaguzi mdogo kama tulivyozoea, viongozi wa chama kilichokishikilia katika eneo hilo hukutana wakamteua mrithi wa chama chaochao. Walimteua Kwame Raoul, mwanasheria, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, ambaye tangu 2019 ni mwanasheria mkuu wa Illinois. Kiti cha Washington hujazwa kwa njia nyingine: Obama alipokiacha Novemba 2008 akielekea Ikulu, aliyepaswa kuteua mrithi ni gavana, Rod Blagojevich, na gavana huyo alifungwa kwa makosa yaliyojumuisha kujaribu kukiuza.

Kwa hotuba, basi, unaweza kumwekea mheshimiwa sentensi hii bila hofu: "Obama alihudumu karibu miaka minane katika bunge la jimbo lake, akashindwa mara moja, kisha akachaguliwa seneta." Akikuuliza mbona umeondoa neno MCA, mwonyeshe aya ile ya mamlaka.