Mkono kufa ganzi ukipiga gitaa

Mdogo wangu, unasema kifundo cha mkono wa kushoto kinauma na vidole vinakufa ganzi baada ya mazoezi ya kwaya hapo Kirumba. Kabla hujanunua dawa ya kuchua, angalia mkanda wa gitaa. Vijana wengi hapa Mwanza wanalishusha hadi mapajani kwa sababu linapendeza jukwaani, halafu kifundo kinalazimika kujikunja kabisa ili vidole vifike kwenye nyuzi. Kano za vidole na mshipa wa fahamu vinapita pamoja kwenye njia nyembamba hapo kifundoni. Ukikikunja muda mrefu, huo mshipa unabanwa. Pandisha mkanda mpaka gitaa likae palepale, uwe umesimama au umekaa.

Halafu dole gumba. Usiiminye shingo ya gitaa kama unakamua chungwa. Bonyeza uzi nyuma tu ya freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, utashangaa nguvu inayotakiwa ni ndogo kiasi gani. Nyuzi zikiwa juu mno, mpe fundi azishushe, au funga nyembamba zaidi.

Pasaka ikikaribia mnaruka kutoka nusu saa hadi masaa manne kwa siku, sijui nani alianzisha hiyo. Ongeza kidogo kidogo, na pumzisha mikono kila dakika 25 au 30. Ikiuma, acha siku hiyo. Ganzi ikianza kukuamsha usiku, au vitu vinakudondoka mkononi, nenda hospitali ya Bugando ukapimwe, usiishie kufunga bandeji.