Kalipa za Hilux kwenye Datsun 240Z: kuingia si kufaa

Mwenye Datsun 240Z, lile gari dogo la michezo la Kijapani la miaka ya sabini mwanzoni, hapa Kenya hufikiwa na siku ya kutafuta kalipa za mbele, yaani vibano vya breki vinavyobana diski ya gurudumu, akazikosa. Mimi ilinifika mapema. Gari nililinunua likiwa limelala chini ya turubai miaka mingi, na nilipofungua magurudumu ya mbele nikakuta pistoni zimeganda kwa kutu, hata nyundo haikuzitikisa. Nikazunguka Kirinyaga Road, mtaa wa maduka ya vipuri jijini Nairobi, siku mbili, duka hadi duka, ile mbovu mkononi. Wengi waliitazama wakatikisa kichwa. Mzee mmoja aliyekuwa akipanga beringi kwenye rafu ndiye aliyenifumbua macho: "Kijana, hiyo usihangaike nayo. Tafuta ya Hilux inayovuta magurudumu yote manne, ile ya miaka ya themanini mwanzoni. Bolti zinaingia bila kutoboa chochote."

Mzee alisema kweli, na wenye Z katika nchi nyingi wamefanya hivyo kwa miaka. Kalipa ya asili ina pistoni mbili, moja kila upande wa diski. Ya Hilux ina nne, mbili kila upande, na inakaa pale pale pa zamani. Unakata kidogo lile bati la kukinga vumbi, unatengeneza kipande kifupi cha bomba la kuunganisha mpira wa breki na kalipa mpya, umemaliza. Ni kazi ya asubuhi moja. Yaliyofuata baada ya asubuhi hiyo yalinichukua miezi minne, na ndiyo ninayotaka uyajue kabla hujatoa pesa. Bolti kuingia ndilo swali dogo kuliko yote. Breki ni mfumo mmoja wa mafuta, kuanzia mguu wako hadi gurudumu la nyuma. Ukigusa sehemu moja umezigusa zote.

Niseme pia kwa nini sikulikatia tamaa gari hili. 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na mwaka 1973 ikashinda tena, ikiendeshwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Baba alikuwa miongoni mwa vijana waliosimama kando ya barabara ya vumbi kuyaona magari yakipita, na mpaka leo akisimulia anauigiza mlio wa ile injini ya silinda sita. Sikutaka gari la kusimamishwa uwanjani watu walipige picha. Nilitaka kumbeba baba niteremke naye Bonde la Ufa. Kwa mteremko ule, breki ndilo jambo la kwanza.

Kwanza, Hilux si moja. Muuzaji atakwambia tu "hii ni ya Hilux", wewe tazama maandishi yaliyosubiwa kwenye chuma chenyewe. Yenye S12+8 imetengenezewa diski nyembamba isiyo na matundu ya hewa katikati, kama ya 240Z. Yenye S12W ni ya diski nene yenye matundu. Hii ya pili ukiifunga kwenye diski nyembamba itaonekana iko sawa kabisa siku ya kwanza. Pedi zikianza kwisha, pistoni zinalazimika kutoka nje mno kufuata diski, na pistoni ikipita sili yake, yaani mpira unaozuia mafuta yasivuje, mafuta yote ya mbele yanamwagika. Nilikuwa nimeshalipia pea ya S12W ndipo nikayaona yale maandishi. Nilirudi nayo dukani, nikashukuru kwamba muuzaji alikubali kunibadilishia.

Pili, angalia kalipa ya kushoto isifungwe kulia. Zinaingia pande zote mbili, na hapo ndipo mtego ulipo. Ile nati ndogo ya kutolea hewa lazima iwe juu. Ikiwa chini, hewa inabaki imejikusanya juu ya pistoni, nawe utakanyaga pedali na kumwaga mafuta siku nzima bila kuimaliza. Ukifika kwenye kutoa hewa, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na mastasilinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedali. Magari yetu yana usukani kulia, kwa hiyo la mbali ni la nyuma kushoto.

Sasa tuje kwenye mguu. Kalipa ikiwa na eneo kubwa zaidi la pistoni kwa jumla, inahitaji mafuta mengi zaidi kuisukuma, lakini mastasilinda ya 240Z ni ile ile, yenye kipenyo cha inchi 7/8. Matokeo yake pedali ilizama sana kabla breki hazijashika. Zilikuwa zinashika vizuri, ila mguu unakwenda mbali, na kwenye dharura umbali huo unakunyang'anya muda. Nikaagiza mastasilinda ya Datsun 280ZX, ya inchi 15/16, ambayo nayo inafunga pale pale. Tofauti inaonekana ndogo ukiisoma. Ukipiga hesabu ya eneo la pistoni unapata karibu asilimia 15 zaidi ya mafuta kwa kila sentimita ya mwendo. Lakini hakuna cha bure: kwa nguvu ile ile ya mguu, shinikizo linapungua kwa asilimia kama 13. Pedali inakuwa fupi na ngumu zaidi. Mimi naipenda hivyo. Mama watoto aliiendesha mara moja akasema inamchosha mguu, na nadhani wote wawili tuna haki. Usirukie mastasilinda kubwa kwa sababu umesikia fulani anayo. Endesha kwanza na ya zamani, uone mguu wako unasemaje. Ukibadilisha, fuatilia kila bomba kwa kidole mpaka mwisho, kwa sababu chombo kikubwa cha mafuta ndicho kinachopaswa kulisha breki za diski.

Hapa ndipo nilipopotea mwezi mzima. Siku niliyofunga mastasilinda mpya, gari liligeuka kuwa la hatari. Nikigusa pedali kidogo tu, magurudumu yanakwama. Hakukuwa na katikati: ama hakuna breki, ama breki zote. Nikazilaumu kalipa za Hilux. Nikabadilisha pedi. Nikapima diski. Fundi mmoja akanishauri nirudishe kila kitu cha zamani, na nilikaribia kumsikiliza.

Kosa lilikuwa la mkono wangu. Ndani ya busta, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu, pale inapokaa fimbo inayosukuma mastasilinda, kuna kidude cha mpira kinene, upana wake kama sarafu. Kazi yake ni kuurudishia mguu wako hisia ya nguvu inayokwenda mbele, ili busta isaidie kwa kiasi cha mguu ulivyokanyaga. Nilipotoa mastasilinda niliivuta ile fimbo ikatoka, nikaifuta vumbi kwa uangalifu, nikairudisha. Kile kidude kilikuwa kimedondoka ndani bila mimi kukiona. Bila hicho, busta inatoa nguvu yake yote mara tu unapogusa. Nilishusha busta, nikaiinamisha kwenye meza, na nilipoitikisa nikasikia kitu kikicheza ndani. Nilikaa chini. Mwezi mzima wa hofu ulikuwa kwenye kipande cha mpira! Nilikirudisha mahali pake nikikigandisha kwa grisi ya silikoni, na jioni hiyo pedali ikawa ya gari tena.

Kwa hiyo ukitoa mastasilinda ya Datsun ya zama hizo, usiiguse fimbo. Ikishatoka, hakikisha kidude kipo kabla ya kufunga. Pia usiirefushe fimbo ili kufupisha mwendo wa pedali. Ikisukuma pistoni kabla hujakanyaga, mafuta hayarudi, breki zinabaki zimeshika, zinapata moto, na kadri zinavyopata moto ndivyo zinavyozidi kushika.

Kuna vitu ambavyo mimi sikubali mbadala wake. Bomba la shaba la friji au la maji sitalifunga kwenye breki hata nikipewa bure. Ni laini, linachoka kwa mtikisiko wa barabara zetu na kupasuka. Tumia la chuma la breki au la shaba iliyochanganywa na nikeli, na mdomo wake ukunjwe mara mbili. Sili usizioshe kwa petroli wala dizeli, maana mpira wake unavimba. Osha kwa mafuta ya breki yenyewe. Mafuta ya usukani au ya injini yakiingia humo, hesabu kwamba kila mpira umekwisha. Na pedi za bei ya kutupa ziogope. Niliwahi kununua seti iliyoandikwa jina kubwa kwenye boksi, na ndani ya wiki mbili lainingi, ile sehemu inayosugua diski, ilianza kuachana na bati.

Nyuma niliacha dramu zake za aluminiamu. Viatu vya breki, vile vinavyotanuka ndani ya dramu, nilivipeleka kubandikwa lainingi upya, na nikivifungua navilowesha kwanza kwa maji yenye sabuni. Lainingi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, na vumbi lake halipulizwi kwa kompresa wala kwa mdomo. Lakini sababu yangu ya kuziacha dramu ni uwiano. Gari fupi jepesi kama hili, likiwa na uzito wa zaidi kidogo ya tani moja, magurudumu ya nyuma yakikwama kabla ya yale ya mbele linageuka mkia mbele. Ukiongeza nguvu mbele umejiongezea usalama upande huo. Ukiongeza na nyuma pia, itakubidi ufunge vali ya kupunguza shinikizo la nyuma na kuirekebisha kwa majaribio mengi.

Majaribio yangu nilianzia kwenye murram isiyo na watu, kilomita 30 kwa saa, rafiki amesimama kando akitazama ni gurudumu lipi linakwama kwanza. Mbele, mbele, mbele tena. Kisha lami, kisha 60, kisha 80. Pedi mpya nilizizoesha kwa kupunguza mwendo mara nyingi bila kusimama kabisa, nikiziacha zipoe katikati.

Jumapili iliyofuata nilimchukua baba. Tulitoka Limuru asubuhi na ukungu, tukateremka Mai Mahiu kwa gia ya tatu, nikikanyaga breki kabla ya kona na kuiachia ndani ya kona. Pale kwenye kanisa dogo walilojenga Waitaliano wafungwa wa vita mwaka 1942 nilisimama, nikashika kila rimu kwa kiganja. Za mbele zilikuwa na joto, kulia na kushoto sawasawa. Baba alikuwa bado amekaa ndani, mkono juu ya dashibodi, akaniambia niwashe tena asikie injini.