Maswali ya Wazazi: Kabla ya Kulipa Ada ya Bweni

Barua nyingi tulizopokea msimu huu zinahusu shule binafsi za msingi zilizo nje ya mji wa Dodoma, kuanzia Bahi hadi Mpwapwa. Tunajibu tano.

Mwanangu ana miaka saba, yuko darasa la pili. Shule moja ya mchepuo wa Kiingereza huko Chamwino imekubali kumpokea bweni. Nimpeleke?
*Mama, Nkuhungu*

Hapana, mama. Waraka wa Wizara ya Elimu ulioanza kutumika Machi 1, 2023 ulisitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Shule inayopokea wadogo hao lazima iwe na kibali maalumu cha Kamishna wa Elimu. Ukiambiwa "kibali tunacho", omba ukione, kisha ulizia ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya wilaya. Kama ni shule ya kutwa yenye gari, hesabu usingizi kwanza: mtoto wa umri huo anahitaji usingizi wa jumla ya saa 9 hadi 12 kila siku. Gari likimchukua saa 11 alfajiri, saa 1 na nusu usiku awe amekwisha kulala.

Shule ya kijana wangu ilifunga muhula mapema mwaka jana kwa kukosa maji. Natafuta nyingine. Nitajuaje kwamba maji yanatosha?
*Mzazi, Kibaigwa*

Umeuliza swali ambalo wazazi wengi hulikumbuka wakati mtoto ameshaanza kuwashwa mwili. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, nayo ni kama milimita 550 tu kwa mwaka. Inayobaki ni miezi saba ya jua na vumbi, na shule inapimwa kwa miezi hiyo.

Piga hesabu mwenyewe. Mtoto wa bweni anahitaji angalau lita 20 kwa siku za kunywa, kupikiwa, kuoga na kufua. Wa kutwa lita 5. Vyoo vya kuvuta maji vinaongeza juu ya hapo. Watoto 120 wa bweni ni lita 2,400 kila siku. Simtanki la lita 10,000 linalopendeza pale getini halimalizi siku ya tano.

Maji ya paa nayo yana hesabu yake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bweni lenye paa la mita za mraba 200 linapata lita 110,000 kwa mwaka. Ondoa zinazopotea, ubaki na kama 88,000. Kwa watoto hao 120 ni siku 36. Ni msaada mkubwa, lakini haufikishi shule Novemba. Kwa hiyo uliza kisima. Pampu ni ngapi? Ikiungua leo, fundi anatoka wapi na kipuri kiko wapi? Shule nyingi hukwama hapo: kisima kina maji, pampu ni moja, fundi yuko mjini. Shule iliyojipanga ina akiba ya siku kumi ndani ya matangi, na mfereji wa paa una bomba la kumwaga mvua ya kwanza, ile inayoshuka na vumbi na kinyesi cha ndege.

Kisha nenda bombani na kipande cha sabuni. Isipotoa povu, maji ni magumu, na ukiyaonja huenda yana chumvi. Watoto watayanywa kidogo kuliko wanavyohitaji. Omba cheti cha maabara, utazame floraidi. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi kwa miaka mingi, meno ya watoto yanayoendelea kuota hubadilika rangi.

Maji yakipungua, cha kwanza kuachwa ni kunawa uso. Wewe wa Kibaigwa, wilayani Kongwa, unajua ugonjwa wa macho wa vikope (trakoma) umewatesa watoto wa huko kwa miaka mingi, na nzi hufuata uso wenye tongotongo. Tafuta kibuyu chirizi, yaani chombo cha kunawia kinachochirizisha maji kidogo kidogo, nje ya choo na nje ya bwalo, uone kama ardhi chini yake ni mbichi. Ikiwa kavu saa 4 asubuhi, basi hakuna aliyenawa. Vyoo: tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25.

Shule inasema inanunua mahindi yake yenyewe. Nina hofu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka.
*Baba, Manyoni*

Hofu yako ina msingi; mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Kuchemsha hakuiondoi. Mwombe mtunza stoo apime unyevu mbele yako. Chupa kavu yenye mfuniko, mahindi theluthi moja, vijiko viwili vya chumvi kavu. Tikisa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudi juani juu ya turubai. Hiki ni kipimo cha unyevu tu, hakionyeshi sumu iliyokwisha kuingia. Ndiyo maana punje zilizovunjika na zenye ukungu zichambuliwe, na mahindi yakobolewe kabla ya kusagwa. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Karanga za uji wa lishe zinunuliwe nzima, zichambuliwe, zisagwe kidogo kidogo. Unga uliochanganywa tayari huwezi kuona ndani yake kulikuwa na nini.

Binti yangu amemaliza darasa la nne shule ya serikali. Naambiwa akihamia shule ya Kiingereza arudi la tatu. Ni haki?
*Mlezi, Mvumi*

Usikubali kabla ya kumpima. Mpe 36 gawanya kwa 4 kwa tarakimu, kisha hesabu hiyohiyo kwa maneno ya Kiingereza: machungwa 36, watoto 4, kila mmoja apate mangapi. Akipata ya kwanza na kukwama kwenye ya pili, anachokosa ni lugha, hisabati anaijua. Kumrudisha madarasa mawili hakutibu hilo. Dai saa ya ziada ya lugha kila siku kwa muhula mzima. Nyumbani, maneno matano ya somo la kesho kwenye daftari, na dakika 15 za kusoma kwa sauti. Aelewe kwanza kwa Kiswahili, ndipo aseme kwa Kiingereza. Shule inayomvisha mtoto kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili inamfundisha kunyamaza tu.

Uhamisho ufanywe na walimu wakuu kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi. Hakikisha namba yake ya mfumo huo imefika shule mpya.

Dodoma ni joto. Sweta la nini kwenye orodha ya mahitaji?
*Mzazi, Dar es Salaam*

Juni na Julai usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na upepo hauna kizuizi. Sweta mbili, blanketi zito, mafuta ya kupaka midomo inayopasuka. Jina lidariziwe kwa uzi. La kalamu hufutika kwa kufuliwa.